Kukusanya kaseti za kigeni za muziki wa elektroniki: mwongozo kamili

Chukua albamu ya mwaka 1981 ya Kraftwerk, bendi ya Ujerumani ya muziki wa elektroniki. Kaseti ya Ujerumani inaitwa Computerwelt, imeimbwa Kijerumani, na wimbo wake wa kikokotoo ni Taschenrechner. Ya Uingereza ni Computer World, na wimbo uleule umekuwa Pocket Calculator. Bendi iliurekodi pia kwa Kifaransa, Mini Calculateur, na kwa Kijapani, Dentaku. Ulaya albamu ilitolewa na EMI, Marekani ikatolewa na Warner Bros. Mashine ni zilezile na midundo ni ileile, ila maneno, kiwanda na utepe vinabadilika kila unapovuka mpaka. Huo ndio utamu wa kukusanya matoleo ya kigeni. Ni hapohapo pia anapopotezea pesa mtu anayenunua kwa kutazama picha ya kava peke yake.

Hatua ya 1: Chagua albamu chache, kisha jiulize toleo linakupa nini

Kukusanya "kila kitu cha Kraftwerk" hakuna mwisho. Anza na albamu moja au mbili, uzifuatilie nchi kwa nchi. Kabla ya kununua toleo lolote, uweze kusema kwa sentensi moja linatofautianaje na ulilonalo. Kama huwezi, liache.

Tofauti ya kwanza ni lugha. Kwenye Trans-Europe Express ya 1977, wimbo Showroom Dummies uliimbwa Kijerumani kama Schaufensterpuppen na Kifaransa kama Les Mannequins. Electric Cafe ya 1986 ina toleo la Kihispania. Kwa hiyo usiridhike na jina la albamu. Soma orodha ya nyimbo moja moja, maana jina la wimbo ndilo linalokuambia lugha iliyoimbwa ndani.

Tofauti ya pili ni muziki wenyewe. Albamu ya kwanza ya bendi ya Kijapani, Yellow Magic Orchestra, ilitoka Japani mwaka 1978 chini ya kampuni ya Alfa. Mwaka uliofuata ilitolewa Marekani ikiwa imechanganywa upya na fundi sauti Al Schmitt, na kava likabadilishwa. Hizo ni rekodi mbili zenye sauti tofauti, na mkusanyaji makini hutaka zote. Speak & Spell ya 1981 ya Depeche Mode, bendi ya Uingereza, nayo haina orodha moja: toleo la Marekani liliuondoa wimbo I Sometimes Wish I Was Dead na kuuweka Dreaming of Me.

Tofauti ya tatu ni mpangilio wa pande. Watengenezaji wengi walihamisha nyimbo ili upande A na upande B vikaribiane kwa urefu, maana upande mmoja ukizidi mwingine, utepe unabaki mtupu na umelipiwa. Kwa albamu ya nyimbo fupi si neno. Kwa Oxygène ya Mfaransa Jean-Michel Jarre ni jambo kubwa, kwa sababu sehemu zake 6 zinapokezana bila kukatika. Kwenye sahani ya santuri, sehemu ya I hadi III ziko upande wa kwanza, ya IV hadi VI upande wa pili. Kaseti yoyote iliyovuruga mtiririko huo imeivunja kazi yenyewe. Ikusanye kama kielelezo ukipenda, lakini usiitegemee kwa kusikiliza.

Hatua ya 2: Deki kwanza, kaseti baadaye

Redio kaseti ya kuokoteza inaweza kutafuna utepe ambao hautapatikana tena. Unahitaji deki yenye Dolby B (mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe), kibonye cha kuchagua aina ya utepe, na kihesabio cha utepe kinachofanya kazi. Omba muuzaji akuoneshe ikicheza kaseti nzima pande zote mbili, si dakika moja. Mikanda ya mpira ya ndani huchoka kwa umri hata kama deki haikutumika, kwa hiyo weka kando pesa ya kuibadilisha na ya fundi.

Deki ya pili iwe ya bei ndogo, ya kujaribia kaseti chafu zilizofika karibuni. Ukungu na uchafu uishie hapo, usiingie kwenye deki nzuri.

Safisha hedi (kichwa kinachosoma utepe) na nguzo ya chuma inayovuta utepe kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kila baada ya saa 10 hivi za kucheza. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu. Rola iking'aa kama kioo imeshakuwa ngumu, na itavuta utepe upande hadi uliwe. Ibadilishe.

Kasi nayo ipimwe. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki ikienda kasi kwa asilimia 1 tu, sauti inapanda karibu moja ya sita ya nusu toni, na kwenye sinthesaiza isiyoyumba sikio zuri linaitambua. Fundi mwenye kaseti ya kupimia ya hezi 3,000 au 3,150 hurekebisha hilo kwa skrubu moja kwenye mota.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma kava na ganda

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, tutakaa kidogo.

Anza na namba ya katalogi, yaani namba ambayo kampuni huipa kila toleo. PolyGram, kampuni iliyobeba Polydor, Philips na Vertigo, katika miaka ya 1970 ilizipa sahani za Polydor namba zinazoanza na 2 na kaseti zake zinazoanza na 3. Kwa Philips na Vertigo, sahani zilianza na 6 na kaseti na 7. Katika miaka ya 1980 mfumo ukawa tarakimu ya mwisho baada ya kistari: 1 ni sahani, 2 ni CD, 4 ni kaseti. Warner ya Marekani ilifuata tarakimu hizohizo. EMI ya Uingereza iliweka TC mbele ya namba ya kaseti. EMI ya bara la Ulaya ndiyo inayomfaa zaidi mkusanyaji, kwa kuwa mwanzo wa namba unataja nchi: 1C ni Ujerumani, 2C Ufaransa, 3C Italia, 5C Uholanzi. Sahani yenye 064 baada ya herufi hizo, kaseti yake hubeba 264.

Kisha tafuta herufi za chama cha hakimiliki, kwa kawaida kwenye kisanduku kidogo juu ya ganda (plastiki ya kaseti yenyewe) au kwenye karatasi ya kava. GEMA ni Ujerumani, SACEM Ufaransa, SIAE Italia, STEMRA Uholanzi, SGAE Uhispania, MCPS Uingereza, NCB nchi za Skandinavia, ZAiKS Poland, JASRAC Japani. Ukiona vyama viwili pamoja, kama GEMA na BIEM (shirika la kimataifa la vyama hivyo), kaseti huenda ilitengenezwa kwa soko la zaidi ya nchi moja. Usimwamini muuzaji anayeandika "Made in Germany" kwa sababu tu ameona GEMA; tafuta maneno ya kiwanda yaliyochapwa kwa herufi ndogo chini ya kava.

Tarehe huwachanganya wengi. Mwaka ulio karibu na alama ya ℗ ni mwaka wa rekodi kutolewa mara ya kwanza, si mwaka kaseti yako ilipotengenezwa. Kaseti ya Die Mensch-Maschine ya Kraftwerk yenye ℗ 1978 ikiwa na msimbo pau nyuma, karibu hakika ni chapa ya baadaye, maana misimbo hiyo haikuwa kawaida kwenye makava ya wakati ule. Na tarakimu za mwanzo za msimbo zinasema kampuni ilisajiliwa wapi, si kiwanda kilipo.

Uhispania ndiyo nchi iliyo rahisi kuliko zote kuitambua tarehe. Sheria yao ya kuweka nakala iliwalazimu kuchapa Depósito Legal: herufi ya mkoa, namba, kisha mwaka. M ni Madrid, B ni Barcelona. Ukisoma B, namba, halafu 1981, unajua toleo hilo liliandikishwa Barcelona mwaka huo. Anayeanza na pesa kidogo aanze na kaseti za Uhispania, zitamfundisha jicho.

Kaseti za Japani hutambulika kwa bei ya yeni iliyochapwa, kijikaratasi cha maneno ya nyimbo, na mara nyingi ukanda wa karatasi unaozunguka kasha. Ukanda huo ndio wa kwanza kupotea, na bei hushuka sana usipokuwepo. Za Yugoslavia zilitolewa kwa leseni na kampuni za nchini, Jugoton ya Zagreb ikiwa ndiyo iliyobeba kazi za EMI. Hizo ni leseni halali, hata karatasi yake ikiwa nyembamba.

Mwisho angalia utepe. Kaseti za EMI na Capitol za miaka ya 1980 zenye herufi XDR huanza na mlio mfupi wa kupimia kabla ya wimbo wa kwanza na kumalizia na mlio huohuo. Si hitilafu, wala usiukate unapozihamishia kwenye kompyuta. Neno chrome kwenye kava nalo lina mtego: kaseti nyingi za dukani za utepe wa kromu zilirekodiwa kwa usawazishaji wa utepe wa kawaida, maikrosekunde 120, ili zichezeke hata kwenye redio ndogo. Ganda lake halina matundu ya ziada ya kromu mgongoni. Ukibonyeza CrO2 (yaani kromu) kwa sababu umelisoma neno hilo, sauti kali za juu zitafifia. Acha kibonye kwenye Normal.

Hatua ya 4: Tenganisha leseni na nakala za mtaani

Nchi kadhaa zilikuwa na tasnia nzima ya kaseti zisizo na idhini ya wenye kazi, na nyingine zilifanya hivyo bila kuvunja sheria ya nchi yao. Indonesia ilikuwa hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, sheria ya hakimiliki ilipoimarishwa na kampuni zikaanza kuchukua leseni. Poland iliendelea hadi sheria mpya ya hakimiliki ya mwaka 1994. Kaseti za nchi hizo za kabla ya tarehe hizo ni sehemu halisi ya historia ya muziki huu kusambaa duniani, na kuzikusanya hakuna aibu. Kosa ni kuziuza au kuzinunua kwa jina la toleo rasmi.

Namna ya kuzitambua: Oxygène ina dakika karibu 40, yaani 20 kila upande. Mnakili aliyetumia kaseti ya dakika 60 alibakiwa na dakika 10 tupu kila upande, akazijaza. Ukiona nyimbo za Équinoxe, albamu nyingine ya Jarre, au za msanii mwingine kabisa, mwishoni mwa upande, umeshika nakala ya namna hiyo. Dalili nyingine ni picha ya kava iliyopigwa kutoka kava jingine hadi herufi zimefifia kingo, majina ya nyimbo yenye makosa, na namba ya katalogi isiyofuata mfumo wa kampuni yoyote. Kaseti za Indonesia za leseni mara nyingi hubeba stika ya kodi yenye herufi PPN. Za Uturuki zina stika rasmi iitwayo bandrol. Stika ikibanduliwa inaacha alama, kwa hiyo omba picha yake.

Kwa wasomaji wa pwani, kaseti za Ghuba ndizo zilizo karibu zaidi. Waulizeni wajomba na mashangazi waliofanya kazi Muscat na Dubai kabla hamjatafuta kwenye mnada wa mtandaoni. Nyingi ni nakala za mtaani na sauti hutofautiana mno, lakini makava yake yenye Kiarabu hayapatikani kwingine.

Hatua ya 5: Kununua

Tovuti ya Discogs ndiyo katalogi kubwa ya kutafutia, na kila toleo lina ukurasa wake wenye bei ya chini, ya kati na ya juu iliyowahi kulipwa. Ifuate ile ya kati. Kwa Poland tazama Allegro, kwa Indonesia Tokopedia, kwa Japani mnada wa Yahoo kupitia wakala anayenunua kwa niaba yako. Bei kwenye masoko ya nyumbani huwa chini, lakini wakala na posta hula tofauti hiyo ukinunua kaseti moja. Subiri zifike tano au zaidi, zitumwe kwa pamoja.

Kabla ya kulipa, omba picha sita: kava likiwa limekunjuliwa lote mbele na nyuma, upande A wa ganda, upande B, ukingo wa chini unaoonesha utepe na sponji, na dirisha likipigwa tochi. Picha ya tochi ndiyo yenye thamani zaidi. Vumbi jeupe juu ya mzingo wa utepe ni ukungu. Uliza pia kama imechezwa mwanzo hadi mwisho. Alama za ubora kama NM (karibu mpya) na VG+ (nzuri sana na zaidi) huwekwa mbili, moja ya kaseti na moja ya kava; muuzaji anayetoa moja tu, mwombe ya pili.

Mwambie afunge kaseti ndani ya kasha lake. Kasha la kawaida lina vijino viwili vinavyoshika magurudumu ya ndani yasizunguke njiani. Kaseti iliyotumwa bila kasha hufika utepe ukiwa umelegea. Mionzi ya ukaguzi kwenye uwanja wa ndege haidhuru utepe. Joto ndilo linalodhuru, na sumaku. Gharama za forodha uliza posta ya kwenu kabla, maana mara nyingine huzidi bei ya kaseti.

Hatua ya 6: Ikifika, usiicheze

Iache ndani ya kifurushi saa 24 izoee hali ya chumba. Kisha fuata utaratibu huu bila kuruka.

Kagua utepe kwa tochi. Ukiona ukungu, ifunge kwenye mfuko peke yake na usiifungulie ndani ya nyumba. Ukungu huo hudhuru mapafu na huhamia kaseti nyingine kupitia hedi.

Tazama sponji ndogo iliyo katikati ya ukingo wa chini. Ikiwa imedondoka au imelala upande, hedi haitagusana sawasawa na utepe, na sauti itapwaya.

Zungusha gurudumu kwa penseli mizunguko michache. Likikaza, usilazimishe. Likienda laini, peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja kwenye deki ya kujaribia. Kaseti iliyolala miaka 30 utepe wake umegandana kwenye mzingo, na zoezi hilo huulegeza.

Sasa icheze. Usikie au la, iache ifike mwisho.

Hatua ya 7: Kutengeneza

Matatizo matatu yatakujia tena na tena, na yote yanatengenezeka mezani kwa bisibisi ndogo ya nyota, kibano, wembe na utepe wa kuungia wa kaseti wenye upana wa milimita 3.8. Usitumie selotepu ya kawaida. Gundi yake hutoka pembeni kwenye joto, hushika mzunguko unaofuata, na kuubandua rangi ya sumaku.

Sponji iliyodondoka: gundi ya zamani imekauka tu. Nunua kaseti tupu yenye skrubu 5, nne pembeni na moja katikati, ufungue, uchukue kibati chake cha shaba pamoja na sponji, ukihamishie kwenye kaseti yako.

Utepe uliokatika kwenye kiungo cha mwanzo, pale ukanda mweupe au wa kijani unapokutana na utepe wa muziki: kata ncha zote mbili kwa pamoja kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, ubandike kipande cha sentimita 1.5 upande wa ndani, yaani upande usiogusa hedi. Upande unaotazama nje ndio wenye muziki. Sugua kwa ukucha hadi povu la hewa liondoke.

Ganda lisilo na skrubu: hizo zimeunganishwa kwa joto kiwandani. Pitisha wembe kwenye mshono polepole kuanzia pembe ya juu, mbali na utepe, huku umeilaza kaseti mezani upande B chini. Ganda la juu likitoka, hamisha mizingo yote miwili kwa mara moja, ukiishikilia kwa karatasi ngumu chini yake, hadi kwenye ganda jipya la skrubu. Hakikisha karatasi laini mbili za kuteleza ziko juu na chini, na utepe umepita nje ya rola ndogo za pembeni. Ganda la asili lihifadhi kwenye mfuko wenye namba ya kaseti. Maandishi yake ni sehemu ya toleo. Dawa hiyohiyo mara nyingi huponya kaseti inayolia kwa mkwaruzo ikicheza, kwa sababu kelele hutoka kwenye karatasi za kuteleza zilizochoka.

Hatua ya 8: Kuipata sauti yake ya kweli

Kila kiwanda kiliseti pembe ya hedi kivyake, na kaseti ya Jakarta ikichezwa kwenye deki iliyosetiwa kwa kaseti ya Hamburg husikika imefunikwa blanketi. Tafuta skrubu ndogo yenye springi kando ya hedi. Badili sauti iwe mono, cheza sehemu yenye milio mikali, kama vile ngoma za umeme za wimbo Nummern kwenye Computerwelt, kisha zungusha skrubu kidogo kidogo, robo mzunguko kwenda au kurudi, hadi ukali uwe mwingi kuliko mahali pengine popote. Weka alama ya mahali ilipokuwa mwanzo ili uirudishe.

Dolby B washa tu pale kava lina alama yake. Nakala za mtaani mara nyingi hazina, na ukiiwasha utaizima nusu ya sauti za juu. Seti pembe ya hedi kwanza, halafu ndipo uamue kuhusu Dolby. Ukigeuza mpangilio utadhani Dolby ndiyo mbaya.

Rekodi nakala kwenye kompyuta mara moja ikiwa nzuri: biti 24, kilohezi 96, vilele visizidi desibeli -6, upande mzima kama faili moja ya FLAC (aina ya faili isiyopoteza ubora wa sauti). Usisafishe mvumo kwenye faili hiyo ya akiba.

Hatua ya 9: Kutunza kwenye unyevu wa pwani

Mombasa, Unguja na Dar es Salaam unyevu wa hewa hupita asilimia 70 kwa urahisi, na ukungu hustawi kuanzia karibu 65. Rafu ya wazi sebuleni ni kaburi la kaseti. Tumia sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, gramu 100 za jeli ya silika kwa kila lita 10 za nafasi, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye ovuni na uirudishe ikiwa imepoa. Nairobi na Kigali unaweza kupunguza jeli nusu.

Simamisha kaseti wima, utepe ukiwa umefikishwa mwisho kwa kuchezwa, si kwa kukimbizwa, maana kuchezwa huuzungusha kwa mkazo sawa. Ziweke mbali na spika na mota. Kila mwaka mmoja au miwili, cheza kila moja upande mzima.

Kwa kila kaseti andika kadi: namba ya katalogi, nchi, chama cha hakimiliki, mwaka wa chapa na ulivyoujua, lugha ya nyimbo, mpangilio wa pande, Dolby ipo au haipo, aina ya utepe, ganda la skrubu au la kuunganishwa, matengenezo yaliyofanyika na tarehe yake, pamoja na ulipoisetia hedi ilipochezwa vizuri. Kadi ikae ndani ya kasha nyuma ya kava, na nakala yake kwenye folda moja na rekodi ya FLAC.